John Hanning Speke: Maji Yaliyochemka Ugogo na Ukweli wa Mto Naili



Sisi tunaosoma falsafa hapa uwanda wa kati tunalo jambo moja tunalolijadili zaidi mezani kuliko darasani, nalo ni maharage. Wenzetu waliotoka Tanga na Dar es Salaam hushangaa wakifika huku. Maharage ni yale yale, moto ni mkali, sufuria inatokota, lakini saa inapita na punje bado ngumu. Mama wa jikoni akilaumiwa hucheka, akaongeza magadi kidogo, akafunika.

Lawama si yake. Mji wa Dodoma uko mita zaidi ya 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa iliyo juu yetu ni kidogo kuliko ile iliyo juu ya mtu wa Pwani, kwa hiyo mgandamizo wake umepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa inayoyakandamiza. Hewa ikikandamiza kidogo, maji huchemka mapema. Pwani huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Hapa kwetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na ukichochea kuni utapata mvuke mwingi zaidi, lakini maji hayatapanda joto hata nyuzi moja.

Nyuzi nne zaonekana kidogo, lakini kupika ni mmenyuko wa kikemia. Gundi ya asili inayoshikanisha chembe za punje inatakiwa kuyeyuka, na wanga uvimbe na kulainika. Kwa mimenyuko mingi, makadirio ya wanakemia ni kwamba joto likiongezeka nyuzi 10, kasi hukaribia kuwa mara mbili. Likipungua, kasi nayo hurudi nyuma. Kwa hesabu hiyo, chungu kinachohitaji saa moja Pwani kitahitaji kama saa moja na dakika ishirini kwetu. Ndiyo maana sufuria ya presha ni rafiki wa watu wa nyanda za juu: inafungia mvuke, mgandamizo unapanda, maji yanafika karibu nyuzi 120 kabla ya kuchemka, na maharage yanasalimu amri. Viwanda vya mbolea navyo hutumia joto na mgandamizo: naitrojeni na haidrojeni hukandamizwa pamoja katika joto kali, ndipo zikubali kuungana kuwa amonia.

Tumeanza na chungu kwa sababu zaidi ya miaka 160 iliyopita alipita katika nchi hii mtu aliyeitumia kanuni hii hii kupima urefu wa Afrika. Jina lake ni John Hanning Speke. Wengi wetu tulilikariri shuleni kama jina la mtu aliyeliona Ziwa Viktoria, tukajibu mtihani, tukasahau. Tumeona vema kumsimulia upya, kwa sababu maisha yake yanagusa swali tunalofundishwa kuliuliza kila siku: je, kusema kweli na kuijua kweli ni jambo moja?

Kijana wa Devon

Speke alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 huko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, katika familia ya wenye mashamba. Hakupenda vitabu. Alipenda bunduki, mbio na kutembea porini. Mwaka 1844, akiwa na miaka 17, alijiunga na jeshi la Kiingereza nchini India, akapigana katika vita vya Punjab, na kila alipopata likizo alipanda milima ya Himalaya hadi Tibet kuwinda na kuchora ramani. Huko ndiko alikojifunza kazi ya kupima nchi.

Mwaka 1854 alifika Aden akakutana na Richard Burton, ofisa mwenzake aliyekuwa hodari wa lugha na mwandishi mwenye jina. Waliungana kwa safari ya nchi ya Wasomali. Aprili 1855 kambi yao ya Berbera ilivamiwa usiku. Mwenzao mmoja aliuawa, Burton alichomwa mkuki mashavuni, na Speke alikamatwa, akafungwa, akachomwa mara nyingi kwa mkuki, kisha akaponyoka kwa mbio. Alipona majeraha ya mwili. Lakini usiku ule alilisikia neno la Burton akalielewa kuwa anaitwa mwoga, na baadaye Burton aliyatumia maandishi yake ya safari ndani ya kitabu chake mwenyewe. Speke alinyamaza. Sisi tunaoishi wengi katika bweni moja tunajua kinyongo kilichonyamaziwa kinavyokua.

Kipima joto katika Ugogo

Hata hivyo Desemba 1856 wawili hao walifika Zanzibar pamoja. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilikuwa kimewatuma kutafuta maziwa makuu ya bara na, ikiwezekana, chanzo cha Mto Naili. Kabla ya kuondoka walimpata mtu ambaye bila yeye tusingekuwa na la kusimulia: Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, alitekwa utumwani akiwa mtoto, akauzwa Kilwa kwa nguo, akapelekwa India, akapata uhuru bwana wake alipofariki, akarudi kuwa askari wa Sultani wa Zanzibar. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Bombay alijua Kihindustani. Basi karibu kila neno ambalo Speke alilisikia kutoka kwa wenyeji lilipita kinywani mwa Bombay.

Msafara uliondoka Pwani Juni 1857 kwa njia ya biashara ya pembe na watumwa. Walivuka nyika kavu ya Marenga Mkali, wakaingia Ugogo. Wagogo walikuwa wamejenga maisha yao katika nchi yenye mvua chache, wakijua kila kisima. Mtawala aliyelinda maji alidai hongo, yaani ushuru wa kupita, na haikuwa dhuluma kama wazungu walivyoandika kwa hasira. Msafara wa watu wengi na punda hunywa maji ya kijiji kizima. Kanyenye, kwa mtawala Magomba, walilipa nguo nyingi. Mbele yao kulikuwa na pori la Mgunda Mkali. Tarehe 7 Novemba walifika Kaze, mahali ilipo Tabora ya leo.

Njiani kazi ya Speke ilikuwa kupima. Baromita ya zebaki ni bomba refu la kioo, na halivumilii mizigo ya punda. Njia nyepesi ilikuwa kuchemsha maji, kutumbukiza kipima joto na kusoma. Kwa kipimo cha Farenhaiti walichotumia, maji huchemka kwenye nyuzi 212 ufukweni, kisha hupungua kama nyuzi moja kwa kila futi 550 unazopanda. Msomaji makini ameshauona udhaifu wake. Kosa la nyuzi moja tu, ambalo jikoni hakuna atakayeligundua, linauhamisha mlima au ziwa kwa futi mia tano na zaidi.

Na vipima joto vilivunjika. Februari 1858 walipofika Ujiji, Burton akiwa hawezi kutembea kwa homa na Speke akiwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho, walibakiwa na kipima joto cha kawaida cha kupimia maji ya kuoga. Kwa chombo hicho walipata kwamba Ziwa Tanganyika liko karibu futi 1,850 juu ya bahari. Leo tunajua liko mita 773, yaani zaidi ya futi 2,500. Kosa hilo la futi mia saba hivi lilitokana na chini ya nyuzi mbili za Farenhaiti.

Walisikia pia habari za mto Rusizi ulioko kaskazini mwa ziwa. Kwanza walielewa kwamba unatoka ziwani. Baadaye wenyeji wa kaskazini wakawaambia unaingia. Hawakufika kuuona kwa macho.

Ziwa la Mwanza

Waliporudi Kaze, Burton alibaki kupumzika na kuandika habari za watu na lugha. Speke, aliyepata nafuu, aliomba kwenda kaskazini kutafuta ziwa lingine ambalo wafanyabiashara Waarabu walilitaja kuwa kubwa zaidi. Aliondoka Julai 1858 na Bombay na kundi dogo. Tarehe 3 Agosti alisimama juu ya kilima karibu na Mwanza ya leo, akaona maji yasiyo na mwisho. Alipouliza kupitia Bombay ziwa linaishia wapi, mwenyeji mmoja alimweleza kuwa huenda linafika mwisho wa dunia.

Speke alichemsha maji pale pia. Akapata karibu futi 3,740. Kipimo cha leo ni mita 1,134, yaani kama futi 3,720. Safari hii alikosea kwa futi ishirini hivi tu.

Siku chache tu alikaa pale. Hakulizunguka ziwa, wala hakuona mto ukitoka. Lakini moyoni alikuwa na hakika kamili: hiki ndicho chanzo cha Naili. Aliporudi Kaze na kumwambia Burton, Burton hakukubali. Alitaka ushahidi, na ushahidi haukuwepo. Tangu siku hiyo waliacha kabisa kulizungumzia jambo hilo. Walirudi Pwani wagonjwa, wakihudumiana, bila amani.

Kwa maelezo ya Burton, walipoachana Aden Speke aliahidi kumsubiri ili waende pamoja mbele ya Chama cha Jiografia. Speke alifika Uingereza Mei 1859, wiki mbili hivi kabla ya mwenzake, na Burton alipofika alikuta habari zimekwisha kutolewa na safari mpya imekwisha kukabidhiwa kwa Speke.

Safari ya pili na kifo

Safari hiyo alikwenda na James Augustus Grant. Waliondoka Pwani Oktoba 1860, wakapita tena Ugogo mwishoni mwa mwaka, wakati wa njaa na mvua, wapagazi wengi wakitoroka. Bombay alikuwepo tena. Walipokewa vema na Rumanika, Mfalme wa Karagwe, na Februari 1862 Speke aliingia ikulu ya Kabaka Mutesa wa Buganda. Tarehe 28 Julai 1862 alifika mahali ambapo maji yanaruka kutoka ziwani kuelekea kaskazini, karibu na Jinja ya leo, akapaita maporomoko ya Ripon. Grant hakuwa pamoja naye. Walikuwa wameachana njiani. Kisha, kwa sababu ya vita na ugumu wa njia, hawakuufuata mto hatua kwa hatua. Waliukata hapa na pale hadi Gondokoro, Februari 1863.

Alipokelewa Uingereza kama shujaa, lakini wataalamu waliuliza: una uhakika gani kwamba mto uliouona Jinja ndio uliouona Gondokoro? Una uhakika gani kwamba ni ziwa moja na si maziwa kadhaa? Burton naye alikigeukia kipima joto. Alisema vipimo vya Tanganyika havifai, kwamba ziwa hilo laweza kuwa juu zaidi, na hivyo laweza kuulisha Naili kupitia Rusizi. Kuhusu kipima joto alikuwa sahihi kabisa. Kuhusu Naili alikosea.

Mdahalo wa wawili hao ulipangwa kufanyika Bath tarehe 16 Septemba 1864. Jana yake, alasiri, Speke alikwenda kuwinda ndege katika shamba la ndugu zake. Alipokuwa akipanda ukuta mfupi wa mawe, bunduki yake ilifyatuka ikampiga ubavuni. Alifariki muda mfupi baadaye, akiwa na miaka 37. Baraza la uchunguzi liliamua kuwa ni ajali. Wapo waliodhani alijiua kwa kuuogopa mdahalo. Sisi hatuna mamlaka ya kuihukumu roho yake. Tunamwombea, kama tunavyowaombea marehemu wote.

Mambo yalithibitishwa asipokuwepo. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walifika mlangoni mwa Rusizi wakaona unaingia Tanganyika. Mwaka 1874 Cameron aliona ziwa hilo likitoa maji yake magharibi, kwa mto Lukuga. Mwaka 1875 Stanley alizunguka Ziwa Viktoria kwa mashua, akakuta ni ziwa moja. Bombay alikuwa kiongozi katika safari ya Stanley ya mwaka 1871, na tena katika safari ya Cameron. Chama cha Jiografia kilimpa Bombay pensheni, naye alifariki mwaka 1885.

Njia ile ile ilipitwa pia na wamisionari wetu. Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe uliondoka Bagamoyo mwaka 1878. Padre Pascal alifia njiani, katika Ugogo, Agosti mwaka huo. Wenzake waliofika kwa Mutesa mwaka 1879 ndio walioipanda mbegu iliyozaa Mashahidi wa Uganda. Speke hakuwa Mkatoliki wala hakuwa na nia ya kimisionari, lakini ramani yake ilisaidia miguu ya wengine.

Kipimo ambacho hakukichemsha

Tungeweza kuishia hapa na kusema Speke alikuwa sahihi. Lakini Plato anatufundisha kutofautisha imani iliyo ya kweli na ujuzi. Mtu anayeonyesha njia ya mji kwa kubahatisha anaweza kukufikisha, ila hawezi kukueleza kwa nini. Mwaka 1858 Speke alikuwa na imani ya kweli. Ujuzi wenyewe ulikuja kwa miguu na makasia ya wengine, baada ya miaka mingi. Burton alikuwa na hoja nzuri na hitimisho la uongo. Wote wawili walishindwa kusema neno moja dogo ambalo sisi wanafunzi pia linatuwia zito: bado sijajua.

Tena liko jambo zito zaidi. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 Speke aliandika nadharia kuhusu watawala wa Karagwe, Buganda na nchi jirani. Alidai kwamba Wahima na jamaa zao walikuwa kabila bora lililotoka upande wa Uhabeshi na kuwashinda Waafrika wengine, ambao aliwaona duni. Aliifungamanisha na habari za wana wa Nuhu katika Biblia. Kwa urefu wa ziwa alichemsha maji, akasoma, akaandika, na wengine wakaweza kusahihisha. Kwa thamani ya watu hakupima chochote. Aliangalia nyuso na pua za watu, akaandika kana kwamba amepima.

Kosa la futi mia saba lilisahihishwa mapema. Kosa hili la pili liliingia vitabuni na shuleni. Watawala wa kikoloni walilijengea utawala katika Rwanda na Burundi, na ni lazima tukiri kwamba hata baadhi ya wamisionari wa Kanisa letu walilifundisha. Hatusemi Speke peke yake ndiye aliyeleta mauaji. Walioua mwaka 1994 waliua kwa hiari yao, na walioandaa chuki waliiandaa kwa makusudi. Lakini uongo ule ulikuwa mmojawapo wa mizizi. Mwaka ule mto Kagera, unaoingia katika ziwa lile lile alilolitangaza kuwa chanzo cha Naili, ulileta maiti hadi ziwani. Wazee wetu wa Ngara waliopokea wakimbizi wanakumbuka. Mwaka 2017 Papa Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na makosa ya Kanisa na ya watu wake katika mambo hayo.

Kwa hiyo tunaposoma maisha ya Speke tunamshukuru kwa ujasiri na uvumilivu, na tunajionya. Mpimaji mwema, kabla ya kuondoka Pwani, hukichemsha kipima joto chake ufukweni, mahali ambapo jibu linajulikana, ili ajue kina kosa kiasi gani. Akirudi hukichemsha tena. Sisi tunaojiandaa kuwaongoza watu tutapewa kupima mambo makubwa kuliko ziwa: kosa la mtu, toba yake, ndoa yake, kabila lake analolisema au analolificha. Ufukwe wetu ni Injili, kitubio, na ndugu asiyeogopa kutuambia kwamba tumekosea. Asiyerudi huko mara kwa mara ataendelea kusoma namba kwa sauti ya hakika, huku chombo chake kimeshaharibika.

Kengele ya chakula imegonga. Tunakwenda mezani kuona kama maharage yameiva. Mama wa jikoni, kwa kawaida yake, haamini saa wala mvuke: huchota punje moja, huiminya kwa kidole, ndipo aseme.